Kabla hawajakata shifti: maneno yangu kwa vijana wa Walukuba

Vijana waliniambia mzee andika yale uliyosema Jumamosi kwa mkutano wa LC, baraza la mtaa wetu, kwa sababu wengine walikuwa kazini na wengine mvua iliwakamata njiani, basi naandika vile niliongea, na Kiswahili changu ni cha Walukuba, mtaa wetu hapa Jinja Uganda, msinisahihishe kama mwalimu.

Mwenyekiti wa LC asante kwa kunipa maiki. Haji, shikamoo. Wamama mliokaa nyuma pale karibu na mlango, najua roho zenu ziko kwa masufuria mliyoacha na watoto, sitawachelewesha sana. Na nyinyi vijana wangu wa gereji mliokuja na mikono ina oili, karibuni, kaeni tu, viti vya LC vinaoshwa.

Nimeombwa niongee juu ya kazi za viwanda vya magari na sababu mnaijua. Tangu kile kiwanda cha mabasi kijengwe kule Kagogwa kila kijana anayeshika spana hapa mjini anaota overoli. Na mimi naota pamoja na nyinyi, manake mimi ni fundi waya, nimeshika waya za magari tangu 1981, na ile gari ya kwanza ya umeme ya Makerere, Kiira EV ya viti viwili ya 2011, nilipoiona kwa gazeti niliikata ile picha nikaibandika kwa ukuta wa gereji ikakaa pale mpaka panya wakaila. Kwa hivyo asitoke mtu hapa kusema mzee alikuja kutupa mkosi. Nataka tu tuongee juu ya ile siku ambayo wakati wa kufungua kiwanda hakuna mtu anaitaja, manake siku ya kufungua kuna mahema na tarumbeta na wageni wa heshima. Siku ambayo oda zinapungua.

Na zinapungua bana. Toyota unayoiona wewe kama mlima usiohama, mwezi wa tisa 2021 walipunguza uzalishaji wao dunia nzima kwa asilimia 40, mwezi mmoja tu, magari kama 360,000 yaliyokuwa kwa mpango hayakutengenezwa, na sababu si vita wala moto, ni corona iliyofunga viwanda vya vipuri kule Asia na zile chipu ndogo za kompyuta kukosekana, kitu unaweza kuficha chini ya ukucha. Nissan 2025 wakatangaza wanapunguza watu 20,000 na viwanda kutoka 17 vibaki 10. Audi walikuwa na kiwanda Brussels kule Ubelgiji, watu kama 3,000, na walikuwa wanatengeneza gari ya umeme, ile ya kisasa kabisa, wateja wakawa wachache, Februari 2025 wakafunga. Nawaambia hiyo ya Brussels kwa makusudi kwa sababu kuna mtu aliniambia hapa juzi ati mzee, gari za mafuta ndio zinakufa, za umeme haziwezi kupata shida. Zinaweza.

Mtu atauliza kwa nini magari hasa. Angalia hivi. Chakula hata ukifilisika utakula, utapunguza nyama utarudi kwa mukene, vile visamaki vidogo, lakini utakula. Nguo utaenda kwa mivumba, yaani mitumba. Lakini gari mpya mtu anaweza kungoja. Mzungu ambaye hubadilisha gari kila miaka minne akisikia uchumi unatetemeka anasema hii yangu bado inaenda, nitabadilisha mwaka ujao, na mwaka ujao anasema vile vile. Watu wakisema hivo kwa wakati mmoja kiwanda kinabaki na magari yamejaa uwanjani hayana mwenyewe, na laini ya kuunda magari haijui huruma, stima inalipwa, mkopo wa mashine unalipwa, sasa kitu cha haraka cha kupunguza ni nini? Ni wewe.

Mimi haya sikuyajua kwa kusoma, niliyajua kwa nyumba. Wazee mlio hapa mnakumbuka Jinja ilivokuwa, bwawa la Owen Falls lilifunguliwa 1954, umeme ukawa hapa karibu, viwanda vikaja vikafuatana kama watoto wanaoenda kuoga ziwani, na hii Walukuba yenyewe ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi, ndio maana mpaka leo hapa unamkuta Mluo, Mteso, Mlugbara na Msoga kwa ploti moja wanagombana kwa Kiswahili. Baba yangu alikuwa kwa kiwanda kimoja cha nguo, jina naliacha. 1972 Amin akawapa Wahindi, ambao viwanda vingi vilikuwa vyao, siku 90 waondoke nchini. Sasa watu wengi husimulia kama vile Wahindi waliondoka leo na viwanda vikafungwa kesho, lakini sisi tuliokuwa watoto kwa hizo nyumba tunajua haikuwa hivo, ilikuwa polepole, na hiyo polepole ndio nataka muisikie vizuri.

Kwanza ovataimu iliisha. Baba akawa anarudi mapema, sisi watoto tukafurahi. Halafu wakakata shifti ya usiku, wakasema ni kwa muda, spea za mashine zimekwama, pesa za kigeni hakuna. Halafu vibarua wakaambiwa kesho msije, hawakupewa hata karatasi, walisimama pale getini kama wiki nzima wakidhani jina litaitwa. Halafu wale wenye kazi ya kudumu wakawa wanaenda siku tatu kwa wiki. Halafu likizo, na likizo haikuwa na tarehe ya kurudi. Baba yangu hajawahi kufukuzwa mpaka leo bambi! Alikufa akiwa likizo.

Sasa chukua huo mpangilio uupeleke kwa kiwanda chochote cha magari duniani utaona unafanana, ovataimu, shifti, vibarua, siku za kazi, halafu geti. Kijana ukiwa ndani na umeona hatua mbili za kwanza zimepita usingoje ya tatu ndio uanze kuuliza.

Kuna mji unaitwa Janesville, Wisconsin, Marekani. General Motors walikuwa pale tangu 1919, mtu na baba yake na babu yake wote geti moja. Walikuwa wanaunda yale magari makubwa, Tahoe na Suburban, mnayaona kwa misafara ya wakubwa hapa. 2008 petroli ikapanda kule kwao, watu wakakimbia magari yanayokunywa mafuta, mwezi wa sita kampuni ikatangaza kiwanda kitafungwa kufika 2010. Sasa wewe ukiambiwa 2010 unafanya nini? Unasema nina mwaka mmoja na nusu, nitamaliza mkopo wa nyumba, nitatafuta kitu. Ilifungwa tarehe 23 Desemba 2008. Mwaka ule ule, siku mbili kabla ya Krismasi. Waingereza wa Swindon angalau walipewa muda, Honda walitangaza Februari 2019 wakafunga Julai 2021 na ule muda walioahidiwa walipewa, na muda si kitu kidogo, kwa miaka miwili na zaidi mtu anaweza kusomea kazi nyingine.

Lakini ya Janesville iliyonigusa mimi si ya wale wa General Motors. Ni ya viti. Kulikuwa na kiwanda kingine pale pale mjini, cha Lear, kazi yake ni kushona na kuunda viti vya yale magari. Hawa watu wa magari wana utaratibu wao wa kutoweka stoo kubwa, viti vinapakiwa kwa lori vikiwa vimepangwa kwa mfuatano ule ule magari yanavokuja kwa laini, gari nyeusi na kiti chake, nyeupe na chake, vinafika masaa machache kabla ya kufungwa. Ni utaratibu mzuri sana wa kuokoa pesa mpaka laini isimame. Laini ikisimama asubuhi, mchana kiwanda cha viti hakina kazi. Wakafunga nao. Na baada ya viti ni mwenye malori, na mwenye hoteli, na kinyozi, na mama wa kulea watoto wa wale waliokuwa wanafanya kazi mchana.

Ndio maana ule mwaka wakubwa wa makampuni walipoenda Washington kuomba serikali pesa, Ford ambaye hakuwa amekaribia kufa kama wenzake alienda akawaombea General Motors na Chrysler, wapinzani wake! Banange, umeona wapi mwenye duka anaombea duka la jirani mkopo? Kwa sababu mtengeneza bolti anauzia wote watatu, wawili wakifa na yeye atakufa, na yeye akifa Ford anakosa bolti. General Motors wenyewe walifika mahakamani kutangaza kufilisika Juni 2009, serikali ikawashika mkono.

Sasa kuna yule amekaa pale anasema haya ni ya wazungu, sisi tunatengeneza mabasi machache tu. Ndugu yangu wewe unauza spea soko la Kisekka Kampala, siyo? Hebu tufuate gari yako. Mjapani anaendesha Toyota Noah yake, ikifika miaka mitatu ni lazima ipite ukaguzi wa serikali, na baada ya hapo kila miaka miwili, na ukaguzi ni ghali, kwa hivyo wengi huona heri wauze wachukue mpya. Ile ya zamani inaenda mnadani, inapanda meli, inashuka Mombasa, kuna dereva anaileta mpaka Malaba akilala ndani yake, kuna ajenti wa kodi, inaingia bondi, ule uwanja wa kuuzia magari, Kampala, kuna kijana wa kuosha, kuna dalali, na siku moja inaharibika shokabsoba inakuja kwangu, na mimi nakupigia wewe simu. Kiwanda Japani kikipunguza gari mpya, Mjapani anakosa ya kubadilisha, anabaki na Noah yake, mnada unakauka, bei inapanda. Si mliona baada ya corona bondi zilivokuwa, gari ile ile, miaka ile ile, bei imeenda juu na dalali anakuapia hajaongeza kitu. Na sisi tangu 2018 sheria imekataza kuingiza gari iliyofikisha miaka 15, basi hata kukimbilia zile za zamani kabisa hatuwezi tena kama zamani. Mimi siipingi hiyo sheria, moshi wa Kampala naujua kwa kifua changu, nasema tu kwamba hakuna mtu hapa ambaye yuko nje ya hii kamba. Wa gereji peke yake ndio hunufaika kidogo, manake watu wakishindwa kununua hutengeneza, miezi ile nilikuwa na kazi mpaka usiku, nikajenga choo. Nakiri mbele ya LC.

Turudi kwa nyinyi mnaotaka overoli. Mimi sisemi msiende, nendeni mbio, na mkifika msiulize mshahara tu. Kijana akitoka intavyu nikimuuliza wamekuambia nini ananitajia shilingi. Nauliza mkataba? Anasema watatupa baadaye. Baadaye gani?

Kanuni za kazi za 2011 zinasema mtu asifanywe kibarua zaidi ya miezi minne, ikipita hiyo anastahili mkataba ulioandikwa. Sasa mnajua kinachofanyika huko nje, sitaji kampuni, mwezi wa nne ukikaribia mnaambiwa pumzikeni wiki mbili halafu mrudi kama wapya, na wewe unarudi unacheka kwa sababu kazi imeongezwa. Hapo ndio umeuza miguu yako. Kwa sababu sheria ya ajira ya 2006 inahesabu notisi kwa muda uliokaa, aliyefikisha mwaka mmoja mpaka chini ya mitano ni mwezi mmoja, mitano mpaka chini ya kumi ni miwili, kumi kwenda juu ni mitatu, na wewe ambaye kila miezi minne ni mpya utahesabiwa nini? Sheria hiyo hiyo inasema mwajiri akitaka kuachisha watu kumi au zaidi ndani ya miezi mitatu kwa sababu za kiuchumi ni lazima amuandikie kamishna wa kazi, na kama kuna chama cha wafanyakazi akieleze chama, kwa nini, wangapi, lini. Kama hakuna chama basi hakuna wa kuelezwa, mtasikia kwa redio kama mimi.

Na NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni. Tangu 2022 kila mwajiri ni lazima achange, hata akiwa na mfanyakazi mmoja, zamani walikuwa wanajificha nyuma ya kuwa wachache. Asilimia 5 inatoka kwako na 10 inatoka kwake. Usiangalie slipu ya mshahara ukaona imekatwa 5 ukatulia, slipu inasema imekatwa haisemi imefika, uliza NSSF wenyewe kila mwezi salio lako limesogea au limelala. Ikilala miezi miwili mfululizo huyo mwajiri ameanza kukosa pesa, na wewe umejua kabla ya wakubwa kukutangazia. Mimi naona hiyo ndio kengele ya kweli kuliko gazeti lolote.

Kuna kijana aliniuliza, mzee, hakuna njia nyingine, ni lazima tu watu watupwe? Iko, lakini inataka mtu aliyepanga mapema. Volkswagen 1993 walijikuta na watu 30,000 wa ziada Ujerumani. Wakakaa chini na chama cha wafanyakazi wakakubaliana badala ya kufukuza hao, wote wafanye masaa 28.8 kwa wiki, siku nne, na mshahara ukashuka kiasi. Ukipigia hesabu ni kama watu wanagawana ugali, kila mmoja amekula kidogo lakini hakuna aliyeondoka mezani. Na serikali yao ina mfuko, kiwanda kikipunguza masaa mfanyakazi analipwa asilimia 60 ya kile alichopoteza, mwenye watoto 67, ule msukosuko wa 2009 zaidi ya watu milioni moja waliishi hivo na wengi walibaki na kazi zao. Hata Desemba 2024 Volkswagen walipotaka kufunga viwanda walikesha kwa mazungumzo, wakatoka na mapatano ya kupunguza kazi 35,000 kufika 2030 bila kufukuza mtu kwa nguvu, wengi ni kustaafu na kuondoka kwa hiari. 35,000 ni nyingi sana, sisemi walishinda. Nasema walikuwa na mtu wa kukaa upande wa pili wa meza.

Sisi mfuko kama huo hatuna. Lakini kuzungumza masaa yapungue kabla watu hawajapungua, hiyo haihitaji mfuko wa serikali, inahitaji nyinyi muwe mmejiandikisha pamoja wakati laini bado inakimbia na meneja bado anacheka. Ukianza kuunda chama siku ya notisi unaunda kamati ya mazishi.

Hapo nilikuwa nataka kumaliza lakini mama mmoja pale mlangoni akasimama, yule wa kikomando, chapati na maharage, na chai, akaniuliza swali ambalo nilikuwa naliogopa. Akasema mzee umeongea ya mkataba na ya NSSF na ya Wajerumani, mimi nauza chakula getini, wale vijana wakirudishwa nyumbani mimi naandikiwa notisi na nani?

Nikamjibu ukweli, mama, hakuna. Sheria haikuoni. Kiti cha Lear kilikuwa na kampuni, sahani yako haina. Kitu ninachojua ni kile alichokifanya mama yangu mzazi, na alikifanya baada ya kuchelewa. Yeye alikuwa anauza posho, yaani ugali, na maharage nje ya kile kiwanda cha baba, na watu walikula kwa daftari, wanalipa mwisho wa mwezi. Shifti ya usiku ilipokatwa yeye hakupunguza sufuria, alisema watarudi. Vibarua walipotolewa akaendelea kuwapa, kwa sababu ni vijana wake, utamnyimaje mtu amesimama juani. Deni lilipanda mpaka hana pesa ya unga. Ndio baadaye akajifunza, akasema mtu mmoja sahani tatu tu kwa daftari, ya nne ni pesa mkononi, na akahamisha nusu ya biashara kwenda sokoni Masese kwa wavuvi, manake samaki hawana meneja. Ukiona ovataimu imekatwa pale getini kwako, mama, hiyo ndio notisi yako. Anza kupunguza daftari wiki hiyo hiyo, usione aibu.

Akasema lakini nitawaangaliaje usoni? Hilo sina jibu lake, nilimwambia.

Hilo daftari la mama ninalo mpaka leo, nilikuja nalo, nikalitoa kwa mfuko nikawaonyesha, jalada limeliwa na mende lakini wino bado unasomeka, sahani ngapi, chai ngapi, tarehe. Kijana mmoja akapiga kelele mzee soma majina! Nikakataa. Wajukuu wao walikuwa wamejaa mle ndani, na mmoja ameketi safu ya mbele kabisa na shati ya chama.